Doa la Yai

Hakuwa na cheti. Hakuwa na meza ya kuandikia wala kiti cha kukalia, maana viti viwili vya nyumbani kwake vilikuwa uani siku zote, vimebeba mabeseni. Hakuwa na pasi ya umeme, hakuwa na bomba la ndani, hakuwa na kucha, hakuwa na saa moja kwa siku ya kukaa tu. Hakuwa na koti jeupe la kazi, ingawa makoti meupe matatu yalipita mikononi mwake kila wiki. Aliyafua, akayapiga pasi mpaka kingo za mifuko zikasimama kama karatasi mpya, akayakunja na kumngoja mwenyewe aje kuyachukua. Mwenyewe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na kila mara alilipa kama mteja mwingine yeyote, jambo ambalo lilimuuma dada mtu kuliko kama asingelipa.

Mtaa mzima ulimwita Dobi. Mumewe, fundi wa saa aliyekuwa na kibanda kando ya barabara, naye alimwita Dobi, wakati wa mapenzi na wakati wa ugomvi, na ilibidi mtu asikilize sauti ili ajue ni wakati gani. Walikuwa na watoto wawili. Binti, mwenye miaka kumi na mitatu, aliitwa Daftari kwa sababu hakuna lililosemwa ndani ya nyumba asiliandike. Mdogo wake wa kiume, aliyepitwa naye kwa mwaka mmoja tu, aliitwa Kwanini, na sababu yake haihitaji kuelezwa.

Kitu kimoja Dobi alikuwa nacho: hakuna doa lililowahi kumshinda. Wateja walitoka mitaa mingine na nguo zilizokataliwa na madobi watatu, wakaziacha kwake kwa mashaka, wakarudi kuzitazama upande huu na upande ule. Walipouliza amefanyaje, alijibu kwamba amefua. Akiwa na doa gumu alifunga mlango wa uani, na hata mumewe hakuruhusiwa kupita.

*

Shule ilikuwa imetangaza maonyesho ya sayansi. Kila watoto wawili walitakiwa wabuni jaribio la nyumbani, kwa vitu vya nyumbani, waandike kila hatua, kisha walete walichokipata kikiwa kwenye kadibodi. Washindi wa shule wangekwenda kwenye maonyesho ya shule zote.

Daftari alimfuata mama yake kwanza. Hilo lazima lisemwe. Alimfuata Jumanne jioni, Dobi akiwa amekamata shuka upande mmoja na Kwanini upande wa pili, wanaikamua. Daftari akamwambia kwamba wanahitaji swali ambalo linaweza kupimwa. Dobi akamwambia angoje amalize shuka hizo. Zilikuwa shuka kumi na nne za nyumba ya wageni. Alipoanika ya mwisho na kugeuka, uani hapakuwa na mtu. Watoto walikuwa wamekwenda kwa mama yao mdogo.

Jumapili mama mdogo akaja mwenyewe, na mkoba wake wa kazini, na ndani ya mkoba kipimajoto kwenye kisanduku cha plastiki. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na tabia moja iliyomkera dada yake kupita zote: hakujibu swali, aliuliza lingine. Watoto walisema wanataka kujua sabuni ipi ni bora. Akawauliza bora maana yake nini, na ubora huo watauonaje kwa macho. Wakabishana, wakafuta, wakaandika upya. Ikapita saa nzima na hakuna aliyesimama hata kunywa maji. Dobi, akianika, aliwatazama kupitia kati ya shuka mbili. Hakuwa amewahi kuwaona watoto wake wametulia namna ile mbele yake.

Mwishowe swali likapatikana: maji ya joto gani huondoa vizuri zaidi doa la yai lililokauka kwenye kitambaa cheupe. Wangekata vitambaa kumi na viwili kutoka shuka moja kuukuu, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Wangetia kila kimoja kijiko kimoja cha kiini cha yai na kuvianika kivulini siku nzima. Vitatu vingelowekwa katika maji baridi, vitatu vuguvugu, vitatu maji ya moto sana, dakika kumi kwa saa ya baba, kisha kila kimoja kisuguliwe mara ishirini, bila sabuni. Na vitatu vya mwisho visiguswe.

“Hivi ndio mashahidi,” mama mdogo akasema. “Shahidi haoshwi. Anakaa kando kutuonyesha doa lilikuwaje kabla hatujalifanya lolote.”

Kwanini akauliza kwa nini shahidi haogi. Fundi Saa, aliyekuwa mlangoni akisafisha miwani, alisema mashahidi wote aliowahi kuwaona maishani walikuwa wachafu, kwa hiyo sayansi iko sawa. Wote wakacheka, na mama mdogo akacheka kuliko wote.

Dobi hakucheka. Alikuwa amefika na beseni tupu kiunoni. “Yai na maji ya moto…” akaanza.

Daftari akainua kiganja kama askari wa barabarani. “Mama, usiseme. Mama mdogo amesema tusiambiwe jibu.”

Haikuwa utovu wa adabu. Mtoto alisema kwa upole, huku akiandika. Lakini Dobi alisimama pale na jibu lake mdomoni, jibu la miaka kumi na tisa ya mikono ndani ya maji, na akaambiwa alimeze ndani ya uani wake mwenyewe, kwa amri ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kuvaa viatu. Akalimeza. Akatia vibanio viwili mdomoni ili kinywa kiwe na kazi, akarudi kwenye kamba. Nyuma yake aliwasikia watoto wakiandika dhana yao: maji yakizidi kuwa moto, doa huondoka zaidi.

*

Jaribio likafanywa, na lilitoka kama ambavyo Dobi angeliwaambia kwa dakika moja. Vya maji baridi vikatakata karibu vyote. Vya vuguvugu vikabaki na kivuli. Vya maji ya moto doa likashika, likawa na rangi ya njano iliyoiva, gumu kwenye uzi, na kadiri walivyosugua ndivyo lilivyozidi kuzama.

“Yai limepikwa ndani ya kitambaa,” Kwanini akasema, na macho yakamtoka kwa furaha. Daftari alikimbia hadi kibandani kwa baba yake akapige simu kwa mama mdogo. Walikuwa wamekosea dhana yao na bado wanashangilia. Dobi hakuelewa furaha ya namna hiyo.

Alisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba jambo hilo yeye amelijua zamani.

“Kujua siyo kupima, mama,” Daftari akamjibu, na Dobi alisikia vizuri maneno hayo yalitoka kinywa gani kwanza.

Alhamisi kadibodi ikawa tayari. Vitambaa vilibanwa kwa pini, safu nne za vitatu vitatu, na chini yake maandishi ya Daftari yaliyonyooka. Fundi Saa aliisoma yote kwa sauti, maana alipenda kusoma kwa sauti. Mwishoni palikuwa na shukrani: kwa mama mdogo, mtaalamu wa maabara, aliyetuongoza, kwa baba, aliyetuazima saa.

“Hata mimi nimo,” akasema, akijipiga kifua. “Dobi, mumeo ameingia kwenye sayansi.”

Dobi akasema hongera. Shuka ilikuwa yake, mabeseni yake, maji aliyachota yeye, na mayai aliyanunua yeye. Hakuna aliyekusudia kumwacha. Walimsahau tu, kama mtu anavyosahau kushukuru sakafu. Usiku ule aligeukia ukuta akajiambia kwamba haoni wivu, na mtu anayejiambia hivyo mara nne huwa amekwisha kujijibu.

*

Ijumaa mchana, watoto wakiwa shuleni, alikuwa peke yake. Kadibodi ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefunikwa gazeti dhidi ya vumbi. Alilifunua aitazame tu. Akagusa doa la kitambaa cha kwanza cha maji ya moto kwa ncha ya kidole. Gumu. Madobi wote wa mtaa ule wangeshindwa. Hata mwenye koti jeupe angeshindwa.

Akatoa pini.

Alifunga mlango wa uani. Kulikuwa na papai bichi jikoni. Akalimenya, akayaponda maganda yenye utomvu wake, akayatia kwenye maji vuguvugu na chumvi, akalowesha kitambaa. Yeye hakuwa na kipimajoto. Alipima kwa ndani ya kiwiko. Baada ya muda doa lilianza kulegea, likawa kama ute. Alilisugua kwa gumba kufuata uzi, hakukata uzi hata mara moja, akakisuuza kitambaa kwa maji baridi, akakitia limau, akakianika juani. Cheupe. Akakitazama akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na kwa kuwa dobi haachi mzigo nusu, akachukua na cha pili, na cha tatu. Kisha akavipiga pasi, kwa sababu hakuwahi kutoa nguo mikononi mwake bila pasi, akavirudisha kwenye pini zake, akafunika gazeti.

Alichokifikiria kilikuwa hiki: kesho watu watasimama mbele ya kadibodi, watashangaa, watauliza nani amelitoa doa hili. Naye, akiwa amevaa gauni lake zuri, atasema ni mimi. Hakufikiria zaidi. Aliwaza vitambaa, hakuwaza daftari, ambamo binti yake alikuwa ameandika kwa wino kwamba vitambaa vile vitatu vimebaki na doa lisilotoka.

*

Ukumbi wa shule ulijaa. Mwalimu wa sayansi, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo, alipita meza kwa meza na wageni wawili. Alipofika kwa Daftari na Kwanini alikuwa amekwisha kusikia sifa za kazi yao, na tayari alikuwa akitabasamu. Kwanini akaondoa gazeti. Daftari, macho kwenye daftari, kidole kwenye kadibodi, akaanza kusoma. Alisoma vizuri mpaka safu ya tatu.

Alisema kwamba vitambaa vya maji ya moto vilibaki na doa la njano, gumu, lisilotoka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitambaa cheupe kuliko vyote ukumbini. Mtu akacheka nyuma. Daftari akainua macho, akakiona.

“Kipi ni kweli?” mwalimu akamuuliza taratibu. “Ulichoandika au tunachokiona?”

“Nilichoandika.”

“Basi nani amebadilisha vitambaa?”

Mwalimu akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba doa la yai lililopikwa halitoki, kwa hiyo ama vitambaa hivi vimewekwa vipya au vipimo vilibuniwa. Vyote viwili vina jina moja. Kisha akamtazama mama mdogo, aliyesimama kando, na wageni wakamtazama, na mnong’ono ukapita kwamba huyo ni mtu wa maabara, anazo dawa.

Dobi alikuwa safu ya tatu ya watazamaji, ndani ya gauni lake zuri. Jibu alilolitayarisha lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Ulimi haukuinuka. Na kwa kuwa ukweli ndio unaofanya habari hii istahili kusimuliwa, ni lazima isemwe: macho yale yote yalipomgeukia mdogo wake, sehemu fulani ndogo ya moyo wake ilipata raha.

*

Barua ya shule ilikuja Jumatatu. Maelezo yaletwe kwa maandishi, yakiwa yametiwa saini na mtu mzima anayehusika, kabla ya Ijumaa saa nne. Yasipoletwa, majina ya watoto hao yataondolewa kwenye orodha ya maonyesho ya shule zote, na wataondolewa katika chama cha sayansi kwa udanganyifu. Neno hilo la mwisho Daftari alilisoma akilirudia mara mbili.

Hakuandika tena. Daftari lake lilikaa juu ya kabati na kalamu juu yake. Watoto wa darasani walikuwa wamempa jina jipya, Mazingaombwe, na hakulalamika. Aliwaambia wazazi kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Kwanini hakuuliza swali tangu Jumamosi, na Fundi Saa alisema ni afadhali nyumba ingekuwa na msiba, maana msibani watu huongea.

Jumanne jioni, wakiwa wanakula, Dobi alisema huenda ni zile dawa za hospitali, kwamba mtu huzoea kuchanganya vitu kazini akavichanganya na nyumbani. Alisema akitazama sahani. Daftari akaacha kula. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akivitazama vitambaa ndani ya maji, akingoja kuona nini kitatokea.

*

Alhamisi mama mdogo akaja na makoti yake matatu, na juu ya makoti karatasi iliyokunjwa.

“Nimewaandikia shule,” akasema. “Nimesema nilivibadilisha mimi, kwamba nilitaka kadibodi ipendeze, watoto hawakujua.”

Dobi akaisoma. Mwandiko mzuri, sentensi fupi, hakuna neno lililofutwa. Hata uongo wake ulikuwa msafi. Akauliza, baada ya kukohoa, kazini kwake watasemaje wakisikia mtu wa maabara ameandika kwa mkono wake kwamba alighushi jaribio.

“Watasema watakavyosema.”

“Na kwa nini ufanye hivyo kama si wewe?”

Mama mdogo akachukua koti la juu, akalikunjua, akaonyesha ukingo wa mfuko. “Dada. Nani mwingine anapiga pasi kitambaa cha ukubwa wa kiganja mpaka pembe zake zikate? Niliona tangu gazeti lilipofunuliwa.”

“Ukanyamaza.”

“Nilikuwa nakungoja.”

Dobi alihisi uso unawaka. Angeweza kuvumilia kushtakiwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo siku tano. Lakini huyu alikuwa amekuja kuchukua na hili pia: watoto waliomsikiliza yeye, shukrani zilizokuwa kwenye kadibodi, na sasa adhabu, ili Ijumaa awe yeye aliyewaokoa.

“Hata kosa langu unalitaka wewe,” akasema.

“Silitaki. Nataka watoto waende.”

“Basi rudi nayo.” Akamrudishia karatasi yake, imekunjwa vizuri kuliko ilivyokuja. “Hili ni langu.”

Mama mdogo akaitia mkobani. Halafu akasema kitu alichokuwa wazi amekibeba muda mrefu kuliko barua: mwalimu hataamini kwa maneno matupu, kwa sababu anavyojua yeye doa lile halitoki, kwa hiyo Dobi atalazimika kuandika amelitoa vipi, hatua kwa hatua, mtu mwingine aweze kurudia. “Na mimi siwezi kukusaidia. Sijui unafanyaje. Nilijaribu kwenye koti langu mwenyewe, mwaka jana. Mara tatu. Nikashindwa, nikaona aibu, nikakuletea.”

Dobi alimtazama. Alikumbuka koti lile; alidhani limeletwa kama yanavyoletwa mengine. Alitaka neno hilo la kushindwa lirudiwe, na akaona haya kutaka, na akataka vilevile.

*

Jioni hiyo alimwambia Daftari. Hakuzunguka. Alisema ni yeye, kwamba hakuna dawa ya hospitali, kwamba alitaka aulizwe.

Daftari hakusema pole, hakusema asante kwa kuniambia. Alisimama, akachukua daftari juu ya kabati, akaketi chini mbele ya mama yake. Sauti yake ilikuwa baridi kama ya karani.

“Maganda kiasi gani?”

“Ya nusu papai. Bichi, lenye utomvu.”

“Maji kiasi gani?”

“Beseni dogo, nusu.”

“Joto gani?”

“La kumwogeshea mtoto mchanga.”

Daftari akainua macho. “Hiyo siyo namba, mama.”

Dobi akafikiri. Kisha akaenda kuteka maji, akayachanganya na ya birika, akajaribu kwa kiwiko, akaongeza kidogo, akajaribu tena, akamwita. Daftari akatumbukiza kipimajoto, ambacho mama mdogo alikuwa hajakichukua, akasubiri, akasoma. Akamwaga maji, akamwambia afanye upya. Mara tatu Dobi alichanganya kwa kiwiko tu, na mara tatu kipimajoto hakikupishana zaidi ya nyuzijoto moja. Daftari aliandika namba zote tatu. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini kalamu ilikuwa inakwenda.

Kwanini, aliyekuwa mlangoni muda wote, akauliza kwa nini papai na siyo kitu kingine. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa siku sita.

“Sijui,” Dobi akasema. “Hilo mtafute nyie.”

*

Ijumaa alfajiri aliandika barua kwenye beseni lililopinduliwa. Fundi Saa alijitolea kumwandikia, Dobi akakataa. Mume akaonya kwamba barua za shule husomwa na watu wengi, kwamba mke wa karani wa shule naye ni dobi, na mwezi ujao kila uani utanuka papai; amefikiria hilo? Dobi akasema amefikiria. Alifikiria tena alipofika kwenye neno maganda, kalamu ikasimama, kisha akaliandika. Aliandika kwamba watoto hawakujua. Aliandika kwamba alifanya kwa wivu. Alitafuta neno jingine, zuri zaidi, lililo karibu na hilo, hakulipata, akaliacha lilivyo.

Hapakuwa na gundi. Alichovya kidole kwenye sufuria ya wanga uliokuwa ukipoa kwa ajili ya kola za wateja, akapaka ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa gumba mpaka ukashika.

Daftari alikuwa tayari na sare. Alipokea bahasha, akasoma jina la mkuu wa shule lililoandikwa juu.

“Kuna herufi moja imekosewa, mama. Nisahihishe?”

“Iache. Imekosewa na mimi.”

Daftari akaitia mkobani, akavuta zipu, akatoka na mdogo wake kabla ya saa moja.